Kioo Kikubwa cha Saluni Yangu

Saluni yangu ya mtaa wa Pioneer ilikuwa na giza. Sisemi hivyo kwa kuionea. Hata mimi mwenyewe nikitoka nje kumwaga maji kisha nirudi ndani, ilinibidi nisimame mlangoni kidogo mpaka macho yazoee. Dirisha lilikuwa dogo, la mbao, na kuta zilikuwa na rangi ya kijani iliyoachwa na mpangaji aliyenitangulia, fundi wa redio. Alama za rafu zake zilikuwa bado ukutani. Nilipoanza kazi pale nilisema nitapaka rangi mwezi ujao, na miaka ikaenda.

Wateja niliokuwa nao hawakulijali hilo giza. Wengi walikuwa wanawake waliotoka kule kwetu upande wa ziwa, walimu, wauguzi, akina mama wa kuuza nguo sokoni, na walikuja kwa sababu tulisali pamoja ama kwa sababu shemeji ya mtu fulani alisukwa hapo akapendeza. Nilifanya kazi na mwenzangu mmoja, msichana mzaliwa wa hapa hapa Uasin Gishu. Mkono wake ulikuwa mwepesi katika kusuka na mdomo wake mzito katika kusema. Aliniita Madam, nami nikachoka kumkataza. Tulisuka, tukala githeri yetu ya mahindi na maharagwe mchana nyuma ya pazia, siku zikasogea.

Kisha upande wa pili wa barabara ikafunguliwa saluni nyingine. Ilikuwa na taa nyeupe, vigae chini, na vioo vilivyopanda mpaka darini. Jioni, wakati watu wanatoka kazini, ile saluni iling'aa kama duka la dawa. Wateja wetu walianza kuchelewa, kisha wakawa wanasingizia ugonjwa, kisha siku moja nikamwona mmoja wao akipita kwa mbali, amejifunika kofia ya koti ingawa hakukuwa na mvua, akizunguka nyuma ya kibanda cha mboga ili asipite mbele ya mlango wangu. Sikumlaumu. Mtu aliye na Jumamosi moja tu ya kujitunza hataki kuketi gizani.

Mwenzangu ndiye aliyenena, yeye asiyesema. Alikuwa anafagia, akasimama.

"Madam, watu hawajui kama tuko ndani."

Hapo niliamua kuibadilisha saluni. Lakini kabla sijaendelea lazima niseme habari ya kichwa changu, kwa sababu bila hiyo mengine hayataeleweka.

Nywele zangu zilianza kunitoka baada ya kumzaa mtoto wetu wa pili. Zilianza mbele, kwenye paji, pale ambapo tangu usichana wangu zilikuwa zikivutwa kwa rasta na kuunguzwa kwa dawa. Nilifikiri zitarudi. Zikarudi nyuma badala yake, zikaacha ngozi laini inayong'aa, na utosini pakatokea uwazi kama kiganja cha mkono. Daktari wa ngozi niliyemwendea alinigusa kichwa kwa kidole kimoja, akasema mizizi ya pale imeshakufa, nisiitafutie mafuta. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa wigi. Nilikuwa nazo kadhaa na nilizibadilisha kwa utaratibu, fupi kisha ndefu kidogo kisha ndefu zaidi, ili ionekane kama nywele zinazokua.

Mume wangu ni karani wa shule, mtu mpole. Alijua, bila shaka, lakini hatukuwahi kulizungumza. Alichofanya ni kujifunza kukohoa. Kabla ya kuingia chumbani alikohoa nje ya mlango, kisha akangoja kidogo, nami nikafunga kitambaa. Tuliishi hivyo. Nilimpenda kwa kile kikohozi na nilikichukia pia.

Mwenzangu naye alijua kwa sababu ndiye aliyekuwa akiniosheа wigi zangu kwenye sinki tukishafunga mlango. Zaidi ya hao wawili, hakuna. Watu husema mganga hajigangi, lakini ugonjwa wa mganga unaweza kuwa tumboni usionekane. Wangu ulikuwa kichwani, na kichwa ndicho nilichokuwa nauza.

Basi tukaanza. Tulipaka kuta rangi ya maziwa, tabaka baada ya tabaka, maana kijani cha fundi wa redio kilikataa kuondoka. Tulisogeza sinki karibu na mlango wa nyuma, tukanunua vioo vya ukutani vya kutosha, tukaweka benchi la wanaosubiri na chupa ya chai. Fundi mjenzi akabomoa lile dirisha la mbao na kuweka kioo kimoja kikubwa, kutoka kiunoni mpaka juu. Mimi ndiye niliyelitaka hilo. Niliipenda hoja ya mwenzangu kwamba watu hawajui tuko ndani, nikaamua wajue kabisa. Viti nikavigeuza, mteja akiketi aonekane vizuri kutoka barabarani, anasukwa, anatabasamu, na anayepita atamani kuwa yeye.

Lililobaki lilikuwa bango. Mchoraji wa mabango alikuja akaupima ukuta kwa mikono yake, akaniuliza nataka achore nini. Nikamwambia achore kichwa cha mwanamke yeyote mrembo. Akatikisa kichwa.

"Mama, weka uso wako. Watu wa hapa wanapenda kumjua mwenyewe."

Nilipaswa kukataa. Lakini mwenzangu alikuwa anatabasamu, mchoraji ananingoja, na nikaogopa kwamba nikikataa wataniuliza kwa nini. Nikatoa picha niliyopigwa kwenye mahafali ya mpwa wangu, siku niliyovaa ile wigi ndefu kuliko zote. Alinichora vizuri mno. Uso ulikuwa wangu kweli, hata alama ndogo ya shavuni aliiweka, lakini nywele alizitia chumvi. Zilishuka mabegani, zikapita kwenye ukingo wa bango na kuendelea ukutani kwa mawimbi meusi yenye kung'aa. Vijana wa boda boda wa stage, kituo chao kilichotukabili, wakawa wananisalimu asubuhi kwa kuionyesha ile picha. "Mathe, umeweza," walinisifu, nami nikapunga mkono na kuingia ndani haraka.

Wateja walikuja. Walikuja wasichana wa chuo, wakaja wake za wenye maduka, hata wale wasichana wa mazoezi wanaokimbia alfajiri na kukata nywele fupi walipita kuosha kichwa. Mwenzangu alianza kuongea, jambo ambalo sikutegemea. Ila wengi wa hao wageni walianza kwa sentensi ileile. Walisema wanataka nywele kama zangu. Wengine waliuliza natumia nini. Niliwaambia ni mafuta ya kawaida na subira, na kila niliposema hivyo nilihisi joto likipanda nyuma ya masikio. Mmoja alinyoosha mkono anishike nywele kwa mapenzi tu, kama wanawake wanavyofanya, nikainama kuokota kichana ambacho hakikuwa kimeanguka. Niliporudi nyumbani jioni hiyo nilipitia njia ya nyuma ili nisitazamane na lile bango.

Karibu na mwisho wa mwaka, mahindi yakiwa yameshavunwa na harusi zikiwa nyingi, alikuja mama mmoja kutoka Moiben. Alikuwa shangazi wa bibi harusi, mwanamke mrefu mwenye koti zito na viatu vya shambani vilivyofutwa vizuri, mwenye ng'ombe wa maziwa na mahindi yake mwenyewe. Alisema alikuwa anapita mjini kwa shughuli nyingine akaliona bango, kisha akaona ndani mpaka kwenye sinki. Alizunguka saluni nzima, akagusa taulo, akanusa chupa ya shampuu, akaangalia chini ya viti. Mwishowe alisema amependa mahali palipo wazi, pasipo na kitu cha kufichwa, na akatuachia kazi ya bibi harusi pamoja na wasimamizi wake wote. Hatukuwa tumewahi kupata kazi kubwa kama hiyo. Alipoondoka mwenzangu alikaa kwenye benchi akacheka peke yake.

Siku ya kazi ilinyesha tangu asubuhi, mvua ya nje ya msimu, baridi ya kuuma vidole. Wasichana walifika kwa pikapu wakiwa wamefunikwa turubai, wakaingia wakitetemeka na kucheka, wakaijaza saluni. Tulimimina chai. Kile kioo kikubwa kilishika mvuke na mwenzangu akawa anakifuta kwa kitambaa ili nje waone sherehe yetu. Na nje kulikuwa na watu kweli. Vijana wa boda boda walikuwa wamekimbilia chini ya paa letu kujikinga, wakasimama wamebanana, na kwa kuwa hawakuwa na la kufanya walitutazama.

Nilikuwa namkausha nywele bibi harusi. Alikuwa na nywele nyingi, nzito, za kwake mwenyewe, na nilizishika kwa heshima. Shangazi alikuwa ameketi karibu, miguu yake juu ya katoni kwa sababu ya ubaridi wa sakafu. Klipu ikaniteleza ikaanguka. Niliinama kuiokota na ile mashine ya kukausha nikaiinua karibu na bega langu, bila kuizima, kama nilivyokuwa nimefanya siku zote nikiwa na haraka.

Mashine hizo huvuta hewa kwa nyuma. Ilivuta na nywele za wigi yangu. Nilisikia sauti yake ikibadilika, kutoka kuvuma hadi kukwaruza, kisha kichwa kikavutwa kwa upande, na harufu ya nailoni inayoungua ikajaa chumba. Mwenzangu aliruka kwenda kuchomoa waya, lakini waya ulikuwa nyuma ya wasichana walioketi. Mashine ilikuwa imefika sikioni na moto wake unanichoma shavu. Sikufikiri. Nilishika wigi kwa mikono miwili nikaivua, na kwa vile nilikuwa nimeifunga kwa pini, ilitoka na ile kofia ya soksi ya ndani.

Waya ukachomolewa. Ikasikika mvua tu juu ya mabati.

Nilikuwa nimesimama katikati ya saluni yangu mpya, wigi ikining'inia kwenye mashine kama kuku aliyegongwa barabarani. Vile vioo vyote nilivyovinunua vilinionyesha mimi. Kila nilikogeuka nilikiona kichwa changu, kile ambacho hata mume wangu alikohoa ili asikione, na nyusi zangu nilizozichora asubuhi chini yake. Bibi harusi hakugeuka. Alinitazama kupitia kioo, macho makubwa, kisha taratibu akapeleka mkono kwenye nywele zake mwenyewe. Msimamizi mmoja alicheka, akaziba mdomo, na kicheko kikatokea puani. Nje, kijana mmoja wa boda boda, yule aliyezoea kuniambia nimeweza, aliiinamisha kofia yake ya chuma na kugeuka kutazama mvua. Wale waliocheka niliwasamehe upesi. Huyu aliyegeuka alinichoma zaidi, kwa sababu alinionea aibu ambayo mimi mwenyewe sikuwa bado nimeianza.

Shangazi ndiye aliyesema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa sauti ya chini, kama mfugaji anayemuuliza mwenzake amewalisha nini ng'ombe waliokonda.

"Mama, na huyu mtoto wetu, wewe unampaka dawa gani?"

Nilitaka kumwambia kwamba ni maji na shampuu tu, kwamba yangu ni ya zamani, haiambukizi, haina uhusiano na kazi yangu. Badala yake nilichukua taulo lililolowa nikaliweka kichwani nikaenda nyuma ya pazia, nikakaa chini kati ya mapipa ya maji. Kutoka huko nilimsikia mwenzangu akiwaeleza kwa Kikalenjini, sauti yake ikipanda kuliko nilivyowahi kuisikia. Shangazi alimjibu kwa upole. Kisha nikasikia viti vikisogezwa. Niliposogeza pazia kidogo niliwaona kupitia kile kioo kikubwa wakivuka barabara kwenye mvua, bibi harusi akiwa katikati, nusu ya nywele zake zimekauka na nusu mbichi, wamemfunika leso, wakielekea kwenye taa nyeupe za upande wa pili.

Mume wangu aliporudi jioni alikohoa mlangoni kama kawaida. Nilikuwa nimeketi kitandani na kitambaa changu. Alivua viatu vyenye matope akaviweka pamoja kwa uangalifu mkubwa, kisha akasema, "Watu wa stage waliniambia." Akaongeza, "Walisema pole." Nilitaka kuuliza ni nani alisema pole na ni nani alisimulia akicheka, lakini nikaona hata yeye ameshikwa na haya. Alikuwa amesimuliwa habari za kichwa cha mke wake na vijana, barabarani, na alilazimika kuitikia kana kwamba ilikuwa habari mpya kwake.

Sikurudi kazini kwa siku nyingi. Mwenzangu alifungua peke yake. Nilimpigia simu nikamwomba aliondoe bango, akasema mchoraji amesafiri na yeye hawezi kufikia juu kote, basi akalifunika kwa gunia. Upepo ukalifungua gunia upande mmoja. Jirani yangu mmoja aliyepita huko aliniambia, akidhani ananichangamsha, kwamba sasa uso hauonekani lakini nywele zote zinaonekana.

Upande ule uliovutwa na mashine ulikuwa umeungua na nywele chache zilizonibakia zilikuwa zimekatika ovyo. Nikaamua kunyoa zote. Kujinyoa mwenyewe nilijaribu nikashindwa. Kumwomba mume wangu sikuweza. Nikaenda mtaa wa Langas, kwenye msongamano wa watu ambako hakuna aliyenijua, nikatafuta kinyozi. Nilimpata mmoja nikapita mlango wake. Nilienda nikanunua sukuma wiki ambayo sikuihitaji, nikarudi, nikapita tena. Nilipoingia hatimaye nilikuwa nimekasirika, kana kwamba yeye ndiye aliyenizungusha.

Alikuwa mwanaume wa makamo. Kulikuwa na mteja mwingine anayengoja, kijana na simu yake. Kinyozi aliniangalia mara moja tu, usoni, akanisalimia, akavuta kiti cha mwisho akakigeuza kuelekea ukutani. Alingoja nikae. Alingoja nifungue kitambaa mwenyewe. Nilipokifungua hakusema pole, na hakuniuliza imekuwaje.

"Maji ni ya moto, mama. Tuoshe kwanza ama tunyoe kwanza?"

Nikasema tuoshe. Hakuna mtu aliyekuwa amekiosha kichwa changu tangu nywele zianze kunitoka. Mimi niliyeosha vichwa vya watu kila siku nilikuwa nimesahau mtu huhisi nini anapolaza shingo kwenye sinki na kumwachia mwingine uzito wa kichwa chake. Nililia chini ya taulo. Nadhani alijua, maana alitoka nje kuzungumza na mtu na akachelewa kurudi. Alipomaliza kunyoa aliniwekea kioo kidogo mapajani, kimelala kifudifudi, akaenda kushughulika na yule kijana. Sikukigeuza. Nililipa nikatoka, na nilipofika stage nikagundua nimeisahau ile sukuma.

Njiani nilifikiria kazi yangu. Nilikuwa nimechukua muda mwingi kufikiria jinsi saluni inavyoonekana na mtu aliye barabarani, na sikuwahi kumfikiria yule anayepita mlangoni mara mbili bila kuingia.

Niliporudi Pioneer nilivigeuza viti vikaipa barabara mgongo. Nusu ya chini ya kioo nikaitilia pazia jepesi, mwanga uingie na macho yabaki nje. Kwenye kona ya sinki tukatenga sehemu kwa mbao na mlango mdogo. Bango likashushwa, na ukuta ukabaki na mikia ya nywele ambayo rangi haikuifunika vizuri. Kisha nilimwona mwenzangu ananificha jambo, nikamshikilia mpaka akalisema. Watu siku hizi walikuwa wanaelekezana kwa jina jipya. Walisema, shuka kwa saluni ya mama kipara.

Nilifanya kazi siku hiyo yote bila kuinua uso. Nilikuwa nimevaa kitambaa, wigi sikuweza tena kuivaa kazini, kila aliyeingia nilimwona anakitazama kitambaa na kuona kilicho chini yake. Wateja wa mwanzo, wale wa kwetu, waliendelea kuja na kunihurumia, na huruma yao ilinichosha. Wasichana wa chuo walihama. Nilianza kumuuliza mwenye nyumba, kwa kuzungukazunguka, kama kuna mtu anayetafuta chumba cha biashara.

Basi asubuhi moja katikati ya wiki aliingia mwanamke nisiyemjua. Alikuwa amevaa vizuri, mkoba mkubwa, kilemba kimefungwa kwa kukazwa mpaka nyusi zimeinuka. Alikaa kwenye benchi akakataa chai. Alimtazama mwenzangu akisuka, akatazama mlango, akatazama saa. Baadaye akauliza mwenye saluni yuko wapi, nikamwambia ni mimi. Alitazama kitambaa changu. Akasogea karibu akasema kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia kwa shida:

"Niliambiwa ni yule hana nywele."

Damu ilinipanda usoni. Nilikuwa nimebakiza kidogo nimwambie atoke. Labda aliliona hilo, maana alishika mkono wangu wenye povu, akasema amekuja kutoka Chepsaita kwa sababu hiyo, kwamba alitaka kuoshwa kichwa na mtu ambaye hatashtuka. Akaomba nimwoshe mimi mwenyewe, msichana asije.

Tulifunga ule mlango mdogo. Ilimchukua muda kufungua kilemba, nami nikageukia rafu nikapanga chupa ambazo zilikuwa zimepangwa. Kichwa chake kilikuwa kama changu, ila kipara chake kilianzia nyuma, baada ya ugonjwa wa muda mrefu, kisha rasta za kubana zikamaliza kazi. Mumewe alikuwa kiongozi kanisani na yeye mwenyewe alikuwa mbele ya akina mama, mtu wa kutazamwa kila Jumapili. Nilimpimia maji kwa kiwiko. Alipolaza shingo alikaza mwili wote, kisha polepole uzito ukaja mkononi mwangu.

"Yako ilianzia wapi?" aliuliza, macho yamefumbwa.

"Hapa mbele."

"Kuliuma?"

Nikamwambia hakukuuma hata siku moja, na kwamba hilo ndilo lililonishangaza. Tukaendelea hivyo, kama watu wawili wanaolinganisha mashamba yaliyokosa mvua. Nilikuwa na aibu hata mbele yake. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kuwa na aibu nikiwa na mtu mwingine ndani yake.

Alirudi, na baadaye wakaja wengine. Walitoka Turbo, walitoka Moiben, mmoja alimleta binti yake wa shule ya upili ambaye hakuinua kichwa mpaka tulipofunga mlango mdogo. Hawakuja Jumamosi kamwe. Walikuja asubuhi za katikati ya wiki, wakiuliza kwanza kwa simu kama kuna watu. Sikuwauzia mafuta ya miujiza. Wale ambao mizizi yao bado iko hai niliwafungulia rasta na kuwakataza dawa za kulainisha nywele, wengine niliwatuma kwa daktari wa ngozi, na kwa waliobaki mwenzangu alijifunza kushona wigi nyepesi zinazoshika vizuri bila pini. Sasa ana mashine yake ya kushonea pale kwenye benchi lililokuwa la chai. Chumba sikukihama.

Watu wengine wanapolisikia hili hunipongeza, husema Mungu aligeuza aibu yangu kuwa baraka, na akina mama wa kanisa letu walinitaka nisimame nitoe ushuhuda. Sikusimama. Mume wangu bado anakohoa mlangoni, na mimi bado nanyoosha mkono kutafuta kitambaa. Tena biashara yangu ina jambo lake geni, kwamba wateja wangu wazuri hawanisalimu. Nikikutana nao mjini, sokoni ama benki, wao hutazama kando, nami hutazama kando. Wakinisalimu mbele ya watu, watu watauliza tunajuanaje. Hakuna anayemwelekeza mwenzake kwangu kwa sauti. Nawaelewa kabisa, na kila mara naumia kidogo.

Majuzi nilienda kwenye mchango wa ujenzi wa kanisa upande wa Turbo, nimealikwa na ndugu wa mume wangu. Chakula kilipangwa uwanjani chini ya mahema, na kwenye foleni ya sahani nikajikuta uso kwa uso na yule mama wa Chepsaita, mumewe akiwa ubavuni. Sote wawili tulikuwa tumevaa wigi alizoshona mwenzangu, yake ya kahawia, yangu nyeusi. Hakuwa na pa kugeukia. Mumewe, mtu mchangamfu, alinyoosha mkono akanisalimia, akamuuliza mkewe huyu mama ni nani.

"Ni mama mmoja tulijuana kwa semina," alisema.

"Semina ya akina mama," nikasema mimi.

Akauliza ilikuwa juu ya nini. Mkewe aliangalia chini kwenye sufuria ya nyama, akachota kwa upawa kipande kikubwa kuliko vyote vilivyokuwemo, akakiweka kwenye sahani yangu. Nikajibu kwamba ilikuwa juu ya afya. Mumewe akasema hilo ni jambo jema, serikali ifanye zaidi. Kisha upepo wa tambarare za huko ukaja kwa ghafla, ukainua vitambaa vya meza na turubai la hema, na mimi na yule mama, kila mmoja akiwa na sahani mkono mmoja, tukainua ule mwingine kwa wakati mmoja tukashika vichwa vyetu. Mumewe alitutazama, mmoja kisha mwingine. Tulikaa hivyo mpaka upepo ukatulia, kisha tukatafuta mahali pa kuketi.